Rosa Parks Hakuwa Bibi Aliyechoka: Kuwafundisha Watoto Habari za Rangi na Watu wa Historia

Hadithi ya Rosa Parks inavyosimuliwa madarasani ni fupi na tamu. Mama mweusi mtu mzima, fundi cherehani, anatoka kazini hoi. Anapanda basi mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Mzungu anataka kiti, mama anagoma kuinuka, polisi wanamkamata, watu wanakasirika, sheria inafutwa. Watoto huipenda kwa sababu ina mtu mwema na mwisho mwema. Walimu huipenda kwa sababu inaenea katika kipindi kimoja na dakika za kuchora picha zinabaki.

Ila karibu kila kipande chake kimepindishwa. Siku alipokamatwa, tarehe 1 Desemba 1955, Parks alikuwa na miaka 42, si bibi kizee. Tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Mwaka 1944 chama kilimtuma kuchunguza kesi ya Recy Taylor, mwanamke mweusi aliyebakwa na wanaume weupe ambao hawakuadhibiwa. Kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya kisa cha basi, alihudhuria mafunzo katika shule ya Highlander, jimbo la Tennessee, walikokutana watu waliokuwa wakijipanga kuupinga utengano, yaani sheria zilizowatenga weusi na weupe. Baadaye, katika kitabu cha maisha yake, alikanusha mwenyewe habari ya uchovu: mwili wake haukuwa umechoka kuliko siku nyingine yoyote ya kazi, alichokuwa amechoka nacho ni kukubali kuonewa.

Wala hakuwa wa kwanza. Tarehe 2 Machi mwaka huohuo, mwanafunzi wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kuinuka katika basi la mji uleule, akakokotwa na polisi. Viongozi wakasita kumfanya kuwa sura ya mapambano, wakiona ni mdogo mno. Lakini ni yeye, pamoja na Aurelia Browder, Susie McDonald na Mary Louise Smith, waliofungua kesi ambayo mwaka 1956 ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na kuuangusha utengano kwenye mabasi ya Montgomery. Rekodi ya Colvin ya kukamatwa ilifutwa mwaka 2021, akiwa na miaka 82.

Tena kuna Jo Ann Robinson, mhadhiri wa chuo, ambaye usiku uleule Parks alipokamatwa alikesha akichapa kwa maelfu makaratasi ya wito wa kugomea mabasi. Kuna E. D. Nixon, aliyekwenda kumwekea Parks dhamana akiwa na mwanasheria mzungu Clifford Durr na mkewe Virginia. Na kuna maelfu ya wapishi, madobi na wafagiaji waliotembea kwa miguu au kupakiana kwenye magari ya kupeana zamu kwa siku 381. Mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King, aliteuliwa kuwaongoza. Hakuwa ameuanzisha mgomo.

Tofauti ya simulizi hizi mbili si ya wasomi tu. Mtoto aliyepewa ya kwanza anaondoka akiamini kwamba dhuluma huisha siku mtu mmoja mwema anapochoshwa nayo. Aliyepewa ya pili anaona vikao, daftari za kumbukumbu, michango, mawakili, makaratasi ya usiku na viatu vilivyolika soli. Huyu wa pili ndiye mwenye kitu cha kutumia maishani.

Kwanza kanuni, halafu aliyeivunja

Lakini hata simulizi iliyo kamili haitaeleweka kama mtoto hajui kanuni ya viti, iliyomtaka mweusi ampishe mweupe kwenye basi, ilitoka wapi. Kukaa tu kwenye basi kumekuwaje ushujaa? Hapo ndipo masomo mengi yanapokwama, kwa sababu tunaharakia shujaa na kuipita kanuni mbio mbio.

Mara nyingi mwalimu husema: "Zamani watu weusi walibaguliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yao." Sentensi hiyo haionekani kuwa na kosa. Isikilize sasa kwa sikio la mtoto wa miaka saba. Chanzo cha tabu ni ngozi. Aliyebagua hayumo kabisa. Amefichwa na ile "walibaguliwa". Mtoto mweusi anatoka darasani akiitazama mikono yake. Ukisema badala yake, "Wenye mamlaka walitunga sheria za kuwanyima watu weusi haki, maana walifaidika kwa kufanya hivyo," unakuwa umemtaja mtendaji, umetaja tendo na umetaja faida. Mtoto anaweza kuuliza: nani hao? Walitunga lini? Walifaidika nini? Na majibu yapo.

Mfano ninaouona unafaa kuliko yote ni wa mwaka 1640 katika Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika. Watumishi watatu walimtoroka bwana wao pamoja, wakakamatwa pamoja, wakafikishwa mbele ya mahakama moja. Mmoja alikuwa Mholanzi, mwingine Mskoti, wa tatu Mwafrika aliyeitwa John Punch. Wote walihukumiwa viboko. Wale Wazungu wawili wakaongezewa miaka minne ya utumishi: mmoja kwa bwana wao, mitatu kwa koloni. John Punch akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Kosa moja, siku moja, hukumu mbili. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuisoma habari hii na kuona kwamba hakuna aliyezaliwa na tofauti hiyo. Ilitamkwa na mahakimu.

Kwa wakubwa zaidi, wa sekondari, endelea mpaka 1662. Koloni hilohilo lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, awe huru au mtumwa. Desturi ya Kiingereza ilikuwa mtoto hufuata upande wa baba. Kwa nini waigeuze? Kwa sababu mabwana walikuwa wakizaa na wanawake watumwa, na kwa sheria mpya watoto hao hawakuwa warithi tena, walikuwa mali. Ukishaiona sheria hiyo, huwezi tena kusema utumwa wa rangi ulikuwa chuki tu iliyopita mipaka. Ulikuwa na hesabu ndani yake.

Afrika Kusini inatoa mfano ulio karibu zaidi na wakati wetu. Sheria ya Kusajili Watu ya mwaka 1950 ilimtaka kila mkazi aandikwe kuwa mweupe, chotara au mwenyeji mweusi, na Waasia wakaja kupangiwa fungu lao. Pale macho yaliposhindwa kuamua, walitumia vituko kama kuchomeka penseli kwenye nywele na kuangalia kama itaanguka. Msichana Sandra Laing alizaliwa na wazazi ambao serikali iliwaandika kuwa weupe, lakini ngozi yake na nywele zake vilikuwa vya Kiafrika zaidi. Mwaka 1966, akiwa na miaka 10, aliandikwa upya kuwa chotara na kuondolewa kwenye shule yake ya bweni chini ya polisi. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa ili mtoto wa wazazi weupe asiweze kuandikwa vinginevyo, naye akarudishwa kuwa mweupe. Mtoto yuleyule, uso uleule. Kilichobadilika ni faili ofisini.

Wapo wanaosikia hivyo na kuruka kwenye hitimisho: basi rangi ni jambo la kubuni, tusilizungumze. Hapana. Mpaka wa nchi haukuchorwa na mto wala mlima, mara nyingi ulichorwa na watu waliokaa mezani na rula. Lakini uvuke bila karatasi uone. Mgawanyo wa rangi ni wa aina hiyo. Ulitungwa, kisha ukaamua nani asome wapi, aoe nani, azikwe wapi na arithi nini. Nchini Rwanda, watawala wa Kibelgiji walipoandika Mhutu, Mtutsi na Mtwa kwenye vitambulisho miaka ya 1930, wakiegemea nadharia za Kizungu za mbari, waligandisha kwenye karatasi tofauti ambazo awali mtu aliweza kuzivuka. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo viliamua nani afe kwenye vizuizi vya barabarani.

Sayansi, kwa kifupi

Watoto watauliza kwa nini basi ngozi zinatofautiana, na wanastahili jibu la kweli. Rangi ya ngozi hutokana zaidi na melanini, ambayo huukinga mwili dhidi ya miale mikali ya jua. Pale jua linapochoma mwaka mzima, ngozi nyeusi ilihifadhi folati, kirutubisho kinachohitajika sana wakati wa ujauzito. Pale jua lilipo hafifu, ngozi nyeupe ilisaidia mwili kutengeneza vitamini D. Ni habari ya jua na vizazi vingi, basi.

Wala ngozi haitoi habari za undugu kama tunavyodhani. Wenyeji wa Papua New Guinea ni weusi sana, lakini kwa vinasaba wako karibu zaidi na Waasia na Wazungu kuliko na Waafrika. Mwaka 1972 mwanabiolojia Richard Lewontin alipima tofauti za kijenetiki za binadamu akakuta takriban asilimia 85 zimo ndani ya jamii mojamoja, si kati ya jamii na jamii.

Kipande kimoja cha historia ya sayansi kinafaa kuingizwa hapa, maana kinaonyesha wasomi nao wakiteleza. Carl Linnaeus, Mswidi aliyepanga mimea na wanyama kwa majina, katika chapa ya 1758 ya kitabu chake aliwagawa binadamu kwa mabara na kuwapachika tabia: Mzungu mwerevu na mvumbuzi, Mwafrika mvivu na mzembe. Aliyaandika hayo kwenye orodha moja na urefu wa nywele, kana kwamba uvivu nao hupimwa. Wanafunzi wa sekondari wakipewa orodha hiyo na kuambiwa watenge kinachoonekana kwa macho na kilichosemwa tu, hupata somo la historia na la sayansi kwa mpigo mmoja.

"Bado wadogo, hawaoni rangi"

Wazazi wengi husema hivi kwa nia njema. Bahati mbaya si kweli. Tafiti za watoto wachanga zimeonyesha kwamba wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi tayari huangalia zaidi nyuso za rangi waliyozoea kuiona nyumbani, jambo ambalo halionekani wanapozaliwa. Huo si ubaguzi, ni mazoea ya jicho. Lakini jicho linaloona litatafuta maelezo, na mtoto asiyepewa maelezo atayaokota anapoyakuta: nani anaamrisha kwenye filamu, nani anafagia, nani anachekwa.

Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark walilichunguza hili Marekani kwa vikaragosi vilivyofanana kila kitu isipokuwa rangi. Watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba waliulizwa kipi kizuri na kipi kibaya. Wengi walisema kile cheupe ndicho kizuri. Kisha wakaulizwa kipi kinafanana nao, na baadhi yao wakalia. Utafiti huo ulitajwa katika uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1954 uliotangaza kuwa utengano katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Hakuna aliyewakalisha watoto wale chini kuwafundisha kwamba weusi ni ubaya. Walijifunza wenyewe kutokana na mji waliokulia.

Kwa hiyo mwalimu anayenyamaza hajabaki katikati. Ameuachia mtaa ufundishe somo lake.

Mashujaa waliopunguzwa na waliotiwa chumvi

Martin Luther King wa shuleni ni mtu wa hotuba moja. Ana ndoto, watu wanapiga makofi, mwisho. Maandamano ya tarehe 28 Agosti 1963 mjini Washington, aliyoyaratibu Bayard Rustin, yalikuwa rasmi ya Ajira na Uhuru. Ajira ndiyo iliyotangulia kwenye jina. Mwaka 1967 King aliikosoa hadharani vita ya Vietnam na kupoteza marafiki wengi serikalini. Alipouawa mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968 alikuwa amekwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 1966 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya Wamarekani hawakumpenda. Mimi ningeanza na takwimu hiyo. Watoto hushtuka: yule mwenye sikukuu yake Marekani? Mshtuko huo ni mlango, kwa kuwa unazaa swali la nini alikuwa akisema kiasi cha kuchukiwa, na nani baadaye alichagua sehemu za kukumbukwa.

Mandela naye amepunguzwa vivyo hivyo. Anafundishwa kama mzee wa tabasamu aliyesamehe. Kwamba mwaka 1961 alishiriki kuanzisha Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, na kwamba jina lake liliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya washukiwa wa ugaidi mwaka 2008 tu, hupitwa kimya. Msamaha wake unakuwa mzito zaidi, si mwepesi, mwanafunzi anapojua alikuwa na njia nyingine mkononi.

Wengine wametiwa chumvi, na hiyo nayo ni aina ya kudharau. Vitabu vya watoto vilirudia kwa zaidi ya karne moja kwamba Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa Marekani, alirudi huko mara 19 na kuwakomboa watumwa 300. Hesabu hizo zilitoka kwenye kitabu cha Sarah Bradford cha karne ya 19. Wanahistoria waliofuatilia nyaraka wamefikia safari 13 hivi na watu wapatao 70. Je, amepungua? Mwanamke asiyejua kusoma, mwenye jeraha la kichwa lililomletea usingizi wa ghafla, alirudi mara 13 katika nchi ambako angekamatwa. Kisha Juni 1863, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, alisaidia kuongoza uvamizi wa kijeshi kwenye mto Combahee, South Carolina, ambapo zaidi ya watu 700 waliachiwa huru kwa usiku mmoja. Hili la pili watoto wengi hawajawahi kulisikia, kwa sababu hadithi ilikuwa imeshajaa chumvi na haikubakiza nafasi.

George Washington Carver ndiye mwenye bahati mbaya kuliko wote: anajulikana kwa kitu asichofanya. Hakuvumbua siagi ya karanga. Kazi ya mtaalamu huyu mweusi wa kilimo katika chuo cha Tuskegee, Alabama, kuanzia 1896, ilikuwa kuwaonyesha wakulima maskini wa kusini jinsi ya kuuponya udongo uliokaushwa na pamba, kwa kupokezana mazao na kupanda mikunde. Udongo hauna mvuto kama siagi, lakini ndio uliokuwa ukiwalisha watu.

Wakubwa wenye doa

Hapa ndipo vikao vya wazazi huchemka. Thomas Jefferson, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliandika mwaka 1776 kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Tumfundisheje?

Jibu la haraka ni kwamba "alikuwa mtu wa wakati wake, tusimhukumu kwa macho ya leo." Jibu hilo lina tatizo moja, linaitwa Benjamin Banneker. Naye alikuwa mtu wa wakati huohuo. Mweusi huru, mwanafalaki aliyejifundisha hesabu, alimwandikia Jefferson barua mwezi Agosti 1791, akamnukulia maneno yake mwenyewe kuhusu usawa, kisha akamwambia inasikitisha kwamba yeye anawashikilia ndugu zake Banneker kwa nguvu katika kosa lilelile analolilaani kwa wengine. Jefferson alijibu kwa adabu baada ya siku chache. Watumwa aliendelea kuwamiliki. Ukiziweka barua hizo mbili mezani, huhitaji kuazima macho ya leo. Hukumu ilikwisha kutolewa zama zilezile na mtu aliyekuwa na haki ya kuitoa. Wakati wowote mtu anaposema "enzi zile kila mtu aliamini hivyo", muulize kama katika hiyo "kila mtu" watumwa wamehesabiwa.

Gandhi ni mgumu zaidi, kwa kuwa wengi wanampenda, na wana sababu. King alijifunza kwake. Lakini miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini, alikofika 1893, aliandika juu ya Waafrika kwa maneno ya dharau na kudai Wahindi wasiwekwe fungu moja nao. Mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana baada ya wahadhiri na wanafunzi kulalamika. Wanahistoria wanaendelea kubishana amebadilika kiasi gani baadaye. Hii si kesi ya kuifunga darasani. Wape wanafunzi maandishi ya mwanzo na ya baadaye, wapange kwa tarehe, kisha waseme wanaona nini. Kijana wa miaka 14 anaweza kabisa kushika mawazo mawili yanayogombana. Kwa wazazi wake huyaona kila siku.

Ndani ya darasa lenyewe

Mtindo unaosifiwa kupita kiasi ni wa kuigiza. Tarehe 5 Aprili 1968, siku moja baada ya King kuuawa, mwalimu Jane Elliott wa Riceville, Iowa, mji wa watu weupe watupu, aliwagawa watoto wa darasa la tatu kwa rangi ya macho na kulipendelea kundi moja, kisha akageuza. Watoto waligeukana ndani ya saa chache. Zoezi hilo likawa maarufu duniani, na hadi leo wapo wanaolisifu na wanaosema iliwaumiza watoto ambao wazazi wao hawakuombwa ruhusa. Mimi niko na hao wa pili, na kwa madarasa yenye watoto wa rangi mbalimbali nasita hata zaidi. Mtoto ambaye hubaguliwa nje ya geti hahitaji kuonjeshwa ubaguzi. Michezo ya kuigiza mnada wa watumwa, ambayo bado hujitokeza shuleni, haina utetezi wowote: inawafanya baadhi ya watoto kuwa bidhaa mbele ya rafiki zao.

Kosa dogo zaidi, na la kila wakati, ni kumgeukia mtoto pekee mweusi, au pekee Mhindi, na kumuuliza "nyinyi mnajisikiaje kuhusu hili?" Yuko pale kujifunza kama wengine. Akitaka kusema atanyosha mkono.

Mpangilio nao una uzito. Mwanafunzi akikutana na watu weusi mara ya kwanza wakiwa kwenye minyororo, hiyo ndiyo picha itakayokaa. Anza na Kush, ufalme wa kale katika Sudan ya leo, na Mansa Musa, mfalme wa Mali aliyekwenda hija mwaka 1324 akiwa na dhahabu nyingi kiasi cha kushusha bei yake Cairo. Ukifika kwenye utumwa, Haiti iwemo: watumwa walioinuka 1791, wakalishinda jeshi la Napoleon na kutangaza nchi yao tarehe 1 Januari 1804. Kisha ueleze kwamba mwaka 1825 Ufaransa iliwadai faranga milioni 150 kama fidia ya mali iliyopotea, mali hiyo ikiwa ni pamoja na wao wenyewe. Darasa la hesabu linaweza kuendelea kutoka hapo.

Kwa wadogo kabisa, wa miaka mitano au sita, haki na uonevu vinatosha. Hao ni mahakimu wakali wa mambo ya "si haki" na hawahitaji istilahi. Ruby Bridges anawafaa kwa kuwa alikuwa wa umri wao: tarehe 14 Novemba 1960, akiwa na miaka sita, alisindikizwa na maafisa wa serikali kuu kuingia shule ya William Frantz mjini New Orleans huku umati ukimzomea. Wazazi weupe waliwatoa watoto wao, naye akasoma mwaka mzima peke yake na mwalimu Barbara Henry. Usiishie kwenye gauni jeupe la kwenye mchoro maarufu unaomwonyesha. Baba yake alifukuzwa kazi. Babu na bibi yake walitolewa kwenye shamba walilokuwa wakililima. Na siku hiyohiyo, shule nyingine ya mji huo, wasichana watatu wa umri wake, Leona Tate, Tessie Prevost na Gail Etienne, walipita katikati ya umati wao.

Hofu inayosikika zaidi, na ambayo tangu 2021 imezaa sheria za kubana masomo haya katika majimbo kadhaa ya Marekani, ni kwamba watoto weupe watajiona wana hatia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mwalimu mkali asiye na busara anaweza kabisa kumwaibisha mtoto kwa mambo yaliyofanywa kabla babu yake hajazaliwa. Lakini dawa yake ipo ndani ya historia yenyewe ikielezwa yote. Umati uliozomea ulikuwa wa watu weupe, na Barbara Henry alikuwa mweupe, na mwanasheria Durr pia. Mtoto anaona kwamba kila mmoja wao alichagua. Asichopaswa kupewa ni simulizi ambamo mweupe mwema ndiye anayewaokoa weusi waliokaa kusubiri.

Mwishowe yote huonekana kwenye swali la mtihani, maana wanafunzi hujifunza kile wanachojua kitaulizwa. "Rosa Parks alikamatwa mwaka gani?" linapima kumbukumbu ya tarakimu nne. "Taja sifa tatu za Rosa Parks" linaleta jasiri, mpole, mvumilivu, na madaftari arobaini yanayofanana. Jaribu hili: mpe mwanafunzi nakala ya tangazo alilochapa Jo Ann Robinson na orodha ya majina manne ya wanawake waliofungua kesi, kisha muulize ni kazi gani zilihitajika ili mgomo udumu zaidi ya mwaka, nani alizifanya, na ni ipi kati ya hizo angeiweza yeye. Usahihishaji utakuchukua muda mrefu, kwa sababu hakuna madaftari mawili yatakayofanana.